Misa, Misioni na Kamati: Ndugu wa Tumbo Moja

Hapa Milanzi hakuna asiyelijua neno misa, wala misioni, wala kamati. La kwanza twalisikia kanisani, la pili ni makao ya mapadre, la tatu ni wale waangaliao mambo ya shule au ya kijiji. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Mama yao ni neno la Kilatini mittere, maana yake kutuma. Hapo zamani, ibada ilipokwisha, watu waliagwa kwa Kilatini waende zao, na katika kuagwa huko lilikuwamo neno missa. Hata ibada yenyewe ikaitwa hivyo. Missio ni kutumwa. Committere ni kukabidhi; ndilo asili ya committee ya Kiingereza, nasi tukapata kamati, yaani watu waliokabidhiwa kazi.

Waingereza nao walipokea kwa wengine. Mwaka 597 Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu, alifika Kent pamoja na watawa wenzake, na Kilatini cha Kanisa kikaja nao. Tena mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda nchi ile, na maneno mengi yakawafuata. Ndiyo sababu mwanafunzi hukuta message, neno lililotumwa. Permit, kumwacha mtu apite. Promise, ahadi itangulizwayo mbele. Alijuaye shina hapati taabu kwa matawi. Lakini na ajihadhari: miss, yaani kukosa, lafanana nayo kwa sura tu, asili yake si Kilatini.

Kwetu sisi Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka ziwani habari njema ikapanda mpaka Ufipa. Wala tusidhani ya kuwa lugha yetu ni maskini. Katika tuma tumepata mtume, utume, tumika na mtumishi. Shina letu lazaa kama lile la Warumi.

Basi, aendaye misa akarudi nyumbani asimwangalie jirani aliye mgonjwa, amelisikia neno, maana yake hakuipata, kwa kuwa ametumwa naye hakwenda. Na mjumbe wa kamati adhaniaye kuwa kiti ni mali yake, akumbuke ya kuwa amekabidhiwa tu, aliyemkabidhi atamwuliza.