Nani Amngoje Nani? Ugomvi wa Kufuli Uliotangulia Mnada wa Korosho

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa walizoea kuona sanduku la zabuni likifunguliwa mbele yao na bei zikisomwa kwa sauti. Tangu msimu wa 2024/25, korosho za chama chao kikuu cha ushirika, RUNALI, zinauzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Sanduku hufunguliwa na mkono mmoja. Kanzidata ya mfumo wa kielektroniki huguswa na mikono mingi kwa mpigo. Nani amngoje nani? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mnada huu.

Mwaka 1976 Jim Gray na wenzake watatu wa IBM walipanga ngazi za uthabiti wa kanzidata. Muamala wa ngazi ya juu hufunga kila unachosoma hadi umalize: hesabu hazikosei, ila foleni hurefuka. Ukishuka ngazi, kufuli hupungua na kazi hukimbia, lakini takwimu zaweza kukubadilikia ukizisoma. Mwaka 1992 ngazi 4 ziliingia katika kiwango cha SQL, lugha ya kanzidata.

Moto uliwaka 1995. Gray na wenzake 5, mmoja wao Jim Melton, mhariri wa kiwango hichohicho, waliandika kwamba maelezo ya ngazi hizo yana utata. Wakaeleza njia ambayo kiwango hakikuitaja: kila muamala upewe picha ya data ilivyokuwa ulipoanza, msomaji asimngoje mwandishi. Picha hiyo ilikwepa makosa yote 3 yaliyotajwa katika kiwango, na bado ilikuwa na tundu.

Kuliona tundu hilo, chukua ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, lenye marundo mawili, kila moja magunia 60, na sharti kwamba jumla isishuke chini ya 100. Karani mmoja anaona 120, anatoa 20 rundo la kwanza. Wakati huohuo mwenzake anaona 120 yaleyale, anatoa 20 rundo la pili. Hakuna aliyegusa rundo la mwenzake, kwa hiyo mfumo unawapitisha wote. Yamebaki 80.

Dawa ya tundu hilo ilichapishwa 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney. PostgreSQL, programu ya kanzidata, ikaipokea 2011. Lakini ukisakinisha programu hiyo leo, haianzii ngazi ya juu mpaka mtu aipandishe.

Uamuzi wa kuipandisha hufanywa kimyakimya na mwandishi wa programu, ilhali hasara humwangukia mwenye magunia. Kwa hiyo, viongozi wa ushirika, kabla ya kutia saini mkataba wa mfumo wowote ulizeni: makarani wawili wakigusa ghala moja sekunde ileile, nani anangoja?