Rufaa ya Mgonjwa wa Pumu na Asili Yake katika Historia ya Umma

 

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa kumtoa mgonjwa kwa tabibu mmoja na kumpeleka kwa bingwa ni utaratibu ulioletwa na wakoloni, na kwamba mwenye kutawakali hutosheka na aliye karibu. Dhana hii tumeisikia zaidi kwa wazazi wa watoto wenye pumu, kwa kuwa pumu huja na kuondoka, na kila ikiondoka watu husema imepona. Na hilo neno rufaa lenyewe ni la Kiarabu, kutokana na rafa'a, kunyanyua, kama shauri linavyonyanyuliwa kwa kadhi wa juu.

Abu Daud amepokea katika Sunan yake kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akaja kumzuru, akamwekea mkono kifuani, akambainishia kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, mtu wa tiba. Sanadi yake imezungumzwa na wanavyuoni, kwani Mujahid hakuthibiti kusikia kwa Saad. Lakini utazame mpango wa kisa. Maradhi yametajwa, na dawa imetajwa pia, nayo ni tende saba za ajwa zipondwe. Pamoja na hayo mgonjwa ameelekezwa kwa mwenye fani yake. Na huyo al-Harith, wanahistoria wamekhitalifiana hata kama alisilimu.

Katika Muwatta ya Imam Malik imo riwaya mursal ya Zayd bin Aslam, kwamba mtu alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar, Mtume (s.a.w.) akauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika tiba. Ibnul Qayyim (aliyefariki 751H) ameichukua hapo, katika Zadul Ma'ad, kanuni kwamba katika kila elimu na kila kazi hutafutwa aliye bora zaidi, kisha anayemfuatia.

Umma haukuliacha jambo hili kwenye vitabu tu. Mwaka 319H (931) alifariki mtu wa kawaida mjini Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu ila baada ya kutahiniwa na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 860, na kila mmoja aliandikiwa kile anachofaa kukitibu. Basi lililo nje ya idhini yake halikuwa lake. Na Cairo, bimaristani ya Sultani Qalawun, iliyojengwa 683H (1284), ilitenga mahali pa wenye homa, pa macho, pa majeraha na pa kuharisha.

Ama pumu, ambayo Waarabu huiita rabw, Ibn Sina ameizungumza katika Qanun, na Musa bin Maymun, tabibu wa Kiyahudi katika dola ya Kiayubi, aliandika kitabu kizima juu yake mnamo 1190 kwa ajili ya mgonjwa mmoja mwenye cheo. Sehemu kubwa ya kitabu ni chakula, hewa na usingizi, si dawa.

Mafakihi nao wana la kusema. Imam Nawawi, katika al-Majmu', mlango wa tayammam, anazungumzia sifa za tabibu ambaye kwa neno lake mgonjwa huacha maji, na ya kwanza ni kuwa awe hodari katika kazi yake. Na Majma' ya Fiqhi ya Jeddah ilipokaa 1997 kutazama yanayobatilisha saumu, suala la dawa ya pumu ya kuvuta iliahirisha. Lakini kama mgonjwa huyu anaweza kukaa mchana kutwa bila dawa hiyo, hilo hatulijui sisi. Tunamuuliza anayekijua kifua chake.

Wataalamu wa leo husema apelekwe kliniki ya kifua mgonjwa ambaye ugonjwa wake una shaka, au anayetumia dawa ya kuzuia kila siku kama alivyofundishwa na bado anaamka usiku akikohoa, au aliyezidiwa mara mbili au zaidi katika mwaka. Ama asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo imegeuka rangi, huyo hasubiri barua. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tunasema haya nasi tuna sehemu yetu katika kosa. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa na pumu, tukimsomea mwaka mzima, na kusoma ni Sunna, hatuikanushi. Kila pumzi ilipofunguka tulisema imekwisha. Aliyetuzindua ni mganga kijana wa zahanati. Alituamkia, akasema, "Sheikh, hili limenizidi mimi," akaandika barua ya rufaa. Kule kliniki walimpulizisha mashine, wakamwambia aonyeshe anavyovuta dawa yake, ikabainika dawa yote ilikuwa ikiishia mdomoni. Kisha wakamuuliza analala wapi. Alikuwa akilala chumba kilichopakana na jiko la kuni. Mwaka mzima sisi hatukumuuliza.

Wallahu a'lam.