Msalaba, Juliana na Mzigo wa Hatia Buhaya

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kwa magendo kutoka Uganda baada ya Vita vya Kagera. Jina hilo lilikuwa tayari ni hukumu: ugonjwa ni wa walanguzi na wanawake wao, si wetu sisi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi nilipohudhuria mazishi ya mama mmoja kijana katika kibanja cha jirani yetu. Mhubiri alitangaza kwanza kwamba Kristo asiye na kosa alikufa kwa ajili ya dhambi za watu wote. Kisha, mbele ya jeneza lile lile, akasema marehemu amevuna alichopanda. Watoto wake watatu walikuwa wameketi mkekani, wakisikiliza. Bibi yangu, Mkristo wa miaka mingi, aliuliza kwa sauti ya chini: “Sasa hawa wamekosa nini?” Swali lile sijapata kuliacha. Inakuwaje jamii iamini kwamba hatia yake imekwisha kubebwa, kisha iendelee kumtafuta mtu wa kuibeba?

Imani hiyo ilifika Buhaya kwa njia zaidi ya moja. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892; Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910 na kuwakuta Wahaya waliokwisha kujifunza Injili Buganda. Nadhani fundisho la mmoja kufa kwa ajili ya wengi halikuwa geni kabisa kwa wasikilizaji. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu deni la damu halikuwa la muuaji peke yake; ukoo mzima ulilibeba, na asiyeua angeweza kulilipa. Askofu Josiah Kibira, aliyeliongoza Kanisa la Kilutheri Bukoba tangu mwaka 1964, aliliona jambo la ukoo kuwa zito kiasi cha kuliandikia kitabu, *Church, Clan, and the World*, kilichochapishwa mwaka 1974.

Hata hivyo, tofauti ilikuwapo. Ukoo hulipa kwa ajili ya walio wake. Msalaba ulihubiriwa kuwa malipo kwa ajili ya wasio ndugu, hata maadui. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipoingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, Walokole waliichukua tofauti hiyo kwa uzito. Walisimama hadharani wakaungama wizi, uzinzi na chuki, kwa sababu waliamini damu ya Yesu imekwisha kuwasafisha. Hapo mtu alizitaja dhambi zake mwenyewe. Lakini ungamo la hadharani lina hatari yake: ni rahisi kuwagawa watu kuwa waliosafishwa na wachafu.

Hatari hiyo ilijitokeza wazi wakati wa Juliana. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne mjini Bukoba ana virusi, na mmoja kati ya kumi katika eneo la Bukoba Vijijini na Muleba. Hesabu kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa tabia ya kikundi kimoja. Ilihusu vita, umaskini, barabara za biashara, ndoa, na wake waaminifu walioambukizwa na waume zao. Lakini vidole vilielekezwa kwa wajane.

Wapo wanaolipinga fundisho lenyewe. Waislamu, majirani zetu wa siku zote, hufundisha kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1793, alisema deni la kimaadili si kama deni la fedha ambalo mwingine aweza kukulipia. Biblia yenyewe, katika Ezekieli 18, inakataa mwana kuadhibiwa kwa uovu wa baba. Ni hoja nzito, na mimi sina mamlaka ya kuzimaliza hapa.

Kama mwanahistoria naona jambo moja. Katika Injili ya Yohana, anayeshauri mtu mmoja afe kwa manufaa ya taifa ni Kayafa, kiongozi anayetafuta utulivu. Injili haimsifu kwa hesabu yake. Inasimama upande wa aliyeuawa na kutangaza kwamba hakuwa na kosa. Anayejitolea kubeba mzigo si sawa na anayetwikwa na umati. Kwa hiyo Mkristo anayeelewa anachokiri angepaswa kuwa mtu wa mwisho kutafuta mbuzi wa Azazeli. Yule mhubiri wa utotoni mwangu alihubiri msalaba, kisha akamfuata Kayafa.

Lakini si yeye peke yake aliyeifasiri imani hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Dayosisi ya Kilutheri Bukoba ilianzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Na kabla ya mradi wowote walikuwapo mabibi. Bibi yangu aliwachukua wawili kati ya watoto wale. Aliuza kahawa yake kidogo, akapunguza chakula chake mwenyewe, akawapeleka shule. Hakudai kwamba amebeba hatia ya mtu. Hatia hawakuwa nayo. Alibeba gharama, bila kosa lake, na bila kumwuliza marehemu aliipata wapi.

Leo dawa za kufubaza virusi zipo, na Juliana limekuwa jina la historia. Tabia ya kutafuta wa kumtwika haijafa. Likitokea gonjwa, njaa au uhalifu, tunauliza haraka “ni nani?” kabla ya kuuliza “kwa nini?” Mtumishi wa umma anayeandika ripoti, mwanaharakati anayeandaa tamko, mwanafunzi anayechagua mada ya utafiti: kila mmoja atafika mahali ambapo kumpata mkosaji mmoja kutakuwa rahisi kuliko kueleza sababu. Akifika hapo, na alikumbuke swali la kikongwe wa Muleba: hawa wamekosa nini?