"Reunite": kuungana tena, kurudiana au kukutanishwa?

Kitenzi cha Kiingereza "reunite" kinabeba mengi: wanandoa walioachana, nchi iliyogawanywa, mtoto aliyepotezana na wazazi wake vitani. Tafsiri inayokuja mdomoni upesi ni "kuungana tena", nayo imejaa kwenye taarifa za habari.

Kwa nchi inafaa kabisa. Ujerumani mbili, zilizozaliwa mwaka 1949 kutokana na nchi moja, ziliungana tena tarehe 3 Oktoba 1990. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tu, Aprili 26, 1964. Kuongeza "tena" hapo ni kupotosha historia.

Kwa mume na mke neno lipo siku zote: wamerudiana. Sioni sababu ya kutafuta jingine.

Penye kazi ni kwenye familia. Tunaunganisha waya, mabomba, wateja wa umeme. Lakini mtoto aliyepatikana kambini haunganishwi, anakutanishwa na mama yake, na kauli hiyo ya kutendesha ina uzito wake, kwa sababu inatuambia kwamba yupo aliyehangaika: mtu wa Msalaba Mwekundu aliyeandika jina la mtoto, la baba, la kijiji, kisha akaanza kuulizia. Jirani zetu waliliona hilo mapema. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya redio kwa Kinyarwanda na Kirundi ili waliopotezana watafutane. Yakaitwa Gahuzamiryango, yaani chenye kukutanisha familia. Katika Kinyarwanda "guhura" ni kukutana, na "guhuza" ni kukutanisha. Lugha hizi ni ndugu, na zimefuata njia ileile.

Neno "tena" nalo litazamwe vizuri. "Walikutana tena" yaweza kuwa ni watu waliopishana sokoni jana na leo. Na ukikanusha, "hawakukutana tena", msomaji anaelewa kwamba huo ulikuwa mwisho wao. Afadhali utengano wenyewe utajwe: "alikutanishwa na wazazi wake baada ya miaka minne ya kupotezana." Hapo "tena" haihitajiki, na hakuna kilichopungua.

Basi mhariri mwenzangu, "reunite" ikifika mezani kwako, uliza kwanza waliotengana ni akina nani, na nani amewaleta pamoja. Ikiwa ni watoto na wazazi wao, andika "kukutanishwa".