Asili ya Keki ya Kupindua

Yamkini msomaji atastaajabu kuona keki imepewa mahali katika kurasa hizi. Historia imezoea kuandika habari za vita, wafalme na mikataba. Habari za jikoni husimuliwa jikoni, na hufia huko. Lakini waliokalia viti vya enzi ni wachache, na waliokula ni wote. Kwa hiyo nachagua keki moja tu, ile ya matofaa na viungo ambayo hupinduliwa ikiiva.

Jina la tunda lisitupoteze. Tofaa la pwani yetu ni tunda la mti wa nchi za joto. Tofaa la keki hii ni lile la nchi za baridi, ambalo asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan katika Asia ya Kati. Siagi na sukari huyeyushwa katika kikaango cha chuma, vipande vya matofaa hupangwa juu yake, kisha humiminwa rojo la unga, mayai na maziwa lililotiwa mdalasini, kungumanga na karafuu. Keki ikiiva hufunikwa kwa sahani na kupinduliwa, na matunda yaliyokuwa chini huwa juu.

Kwa nini ipinduliwe? Wafaransa wanayo hadithi ya andazi la namna hiyo. Husimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Stéphanie na Caroline Tatin walikuwa na hoteli mjini Lamotte-Beuvron, na kwamba siku moja, kwa haraka ya kazi, matofaa yalitiwa chomboni pasipo unga chini yake, ndipo unga ukafunikwa juu. Hadithi ni tamu, lakini maandazi ya kupindua yalijulikana katika jimbo lile kabla yao. Sababu iliyo karibu zaidi na kweli ni moto. Nyumba nyingi za zamani hazikuwa na tanuri. Zilikuwa na chombo cha chuma na makaa. Tunda lililo chini hutoa maji na kuvumilia ukali wa chuma, na unga ulio juu yake huiva pasipo kuungua. Mpishi wa pwani apaliaye makaa juu ya kifuniko cha mkate wa kumimina aijua hekima ya namna hii. Huko Marekani keki za kikaango zilipikwa muda mrefu kabla jina la kupindua halijaenea katika miaka ya 1920, wakati nanasi la kopo lilipoanza kushindana na tofaa.

Zimebaki karafuu, na hizi zatuhusu sisi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambako Waholanzi walizihodhi. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche, ikapandwa Mauritius. Na mapema katika karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said alihimiza upanzi wake, na kazi ya mashamba ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikatangulia mbele. Utumwa haukufutwa kwa sheria visiwani mpaka mwaka 1897. Mama wa Ulaya au Marekani aliyetia karafuu katika keki yake siku zile huenda alitia, pasipo kujua, jasho la mtu asiyelipwa.

Jina la Tatin limehifadhiwa. Jina la mwanamke wa kwanza aliyepindua kikaango chake halikuandikwa, wala la mchumaji aliyepanda mkarafuu alfajiri. Wahenga walinena: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Walisema hivyo kwa kuwa swali hilo lilionekana halina faida. Mwanafunzi wa historia na alichukue swali hilo hilo, alijibu, kisha aulize na la pili: nani alipika, na nani alichuma?