Nguo Kuchuja, Maji Kuchujwa
Huku kwetu Bukoba na Muleba wazee walivaa nguo za magome. Gome liliponde­wa kwa nyundo za mti, likaanikwa; jua ndilo lililoleta wekundu wake. Ziwa halikupokea rangi.

Mwaka 1856, jijini London, Perkin wa miaka 18 alitafuta kwinini akapata zambarau ya maabara. Nguo zisizochuja zikaenea. (Nguo ikichuja ni hasara, maji yakichujwa, faida.) Lakini rangi inayolishinda jua huwashinda pia bakteria: Mto Msimbazi, Dar es Salaam, umepokea maji machafu ya viwanda vya nguo.

Karibu mwaka 1960, Loeb na Sourirajan, Los Angeles, walitengeneza utando uliopitisha maji, ukazuia chumvi. Tando za leo huzuia rangi. Haziiui; huirundika upande mmoja, nzito zaidi, na kiwanda bado kinatafuta pa kuimwaga.