Kubashiri Kwanza: Fizikia ya Mwambao kutoka Bagamoyo hadi Tanga

Mwishoni mwa mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo, aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi wakachangishwa, mifuko ya saruji ikahesabiwa, wakuu wa wilaya wakabanwa, na muda wa kukamilisha ukasogezwa hadi Juni 2015. Agizo lile lilikuwa la lazima, na anayelibeza leo hajakaa na mwalimu anayefundisha umeme kwa chaki peke yake. Hata hivyo lilibeba imani ya siku nyingi, kwamba mtoto wa Kitanzania haelewi fizikia kwa sababu hajaona vifaa. Historia ya mwambao huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam inatupa sababu ya kuitilia shaka imani hiyo. Majaribio ya fizikia yalikuwepo hapa kabla ya shule na kabla ya maabara, nayo yalifanywa kila siku na watu ambao riziki yao ilitegemea kupatia. Kilichopungua ni nafasi ya mwanafunzi kusema mapema anachotarajia kitokee, kisha kuuacha ulimwengu umjibu. Nafasi hiyo ndiyo shule iliyoifunga, na nitajaribu kuonyesha ilivyofungwa.

Tuanze na bahari. Bagamoyo haikupewa bandari ya kina. Ufuo wake ni mteremko mdogo wa mchanga, maji yanapokupwa huondoka mbali, na majahazi yaliyotoka Unguja yaliingia maji yakijaa, yakakalishwa mchangani, yakapakuliwa na kupakiwa kwa mabega ya wapagazi, kisha yakasubiri maji yarudi yaelee tena. Nahodha aliyefanya biashara hiyo alilazimika kujua mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, kwamba kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake, kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na kwamba siku za maji mafu huenda maji yasifike kabisa pale chombo kilipokalishwa. Akikosea, shehena yake ya pembe au kopra inakaa juani siku kadhaa. Huo ni utabiri wa kisayansi kwa maana kamili, kwa sababu una wakati maalumu, una kipimo, na unaweza kushindwa mbele ya macho ya watu. Kina hichohicho kidogo cha maji ndicho kilichochangia kuiondolea Bagamoyo heshima yake. Wajerumani waliifanya makao yao makuu mwaka 1888, na ilipofika 1891 walikwisha kuhamia Dar es Salaam, ambako meli za mvuke zenye tumbo refu zingeweza kuingia na kutia nanga. Mji mzima uliporomoka kwa hoja ya kuelea na kukwama, na mwanafunzi wa Bagamoyo anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuambiwa kuwa hiyo ilikuwa fizikia.

Chumvi ni mfano wa pili, na bado uko hai kwenye mabwawa ya Nunge na Saadani, kwenye mwambao huuhuu. Maji ya bahari huwa na chumvi za kila aina kiasi cha gramu 35 kwa lita. Yakiingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kidogo, jua na upepo huyapunguza, nayo huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa kadiri yanavyokolea. Yakibaki kama robo au moja ya tano ya ujazo wa awali, huanza kuangusha jasi. Chumvi ya mezani haianzi kuganda mpaka yapungue hadi karibu moja ya kumi. Mwishoni hubaki maji machungu yenye magnesiamu, ambayo lazima yamwagwe kabla hayajaharibu mavuno. Kazi yote ni kujua lini. Ukifungua mlango wa bwawa mapema unachanganya jasi na chumvi, ukichelewa unapata chumvi chungu, na mvua moja ya msimu usioitarajia inakurudisha nyuma. Hakuna maabara ya shule ninayoijua inayoonyesha mvukizo, mmumunyo uliokolea na ugandaji wa fuwele kwa ukubwa wa namna hiyo.

Msomi mwangalifu atapinga hapa, na ana haki. Atasema kujua kutenda si kujua kueleza. Mjenzi wa ngalawa anajua afunge mbao za pembeni umbali gani ili chombo kisipinduke, lakini hakupi kanuni ya Archimedes. Nahodha anajua lini maji yatajaa, lakini hawezi kukuambia mvutano wa mwezi unafanyaje kazi. Ni kweli, na sidai kwamba ufundi ni sayansi. Dai langu ni dogo zaidi na gumu zaidi kulikwepa: ufundi una nusu ya kwanza ya sayansi, ile ya kujifunga na matokeo kabla hayajatokea. Nusu ya pili, ya kuuliza kwa nini na kupima kwa namba, ndiyo kazi ya shule. Shule yenye busara ingeipokea nusu ya kwanza kutoka ufukweni na kuongeza ya pili. Yetu, kwa sehemu kubwa ya historia yake, iliitupa ile ya kwanza na kujaribu kufundisha ya pili ikiwa peke yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, walianzisha karakana za useremala na uhunzi pamoja na mashamba, na mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alipopita mwaka 1873 aliisifu misheni hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga nayo ilifundisha ufundi na uchapaji wa vitabu. Lakini hata katika miaka hiyo ukuta ulikwisha kujengwa katikati: karakana ilikuwa mahali pa mikono, darasa lilikuwa mahali pa kukariri, na aliyefaulu darasani alikwenda kuwa karani. Waingereza waliurithi ukuta huo na kuuongeza kimo kwa mitihani ya Cambridge. Fizikia ilipofika sekondari ikaja na jaribio la aina moja tu, la kuthibitisha: kitabu kimekwisha sema jibu, mwanafunzi anapima, na namba ikitofautiana na ya kitabu, kosa ni la mwanafunzi. Mwalimu Nyerere aliona ugonjwa huo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 alilalamika kwamba wanafunzi wanafunzwa kuamini kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma, hivyo wakawadharau wazee wao. Shule zikajibu kwa kulima mashamba. Tulianzisha Baraza letu la Mitihani mwaka 1973, lakini mtindo wa jaribio la kuthibitisha ukabaki ulivyokuwa.

Ushahidi mkubwa wa madhara ya mtindo huo ulitokea mkoani Tanga, nao unajulikana dunia nzima kuliko unavyojulikana kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, na wanafunzi wa hapo walijitengenezea aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliwahi kuweka mchanganyiko wake bila kuuchemsha, na Mpemba, akichelea kukosa trei, akaingiza yake ikiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda na ya mwenzake bado ilikuwa uji. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alikutana Tanga mjini na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, akamweleza kuwa wao huanza na maziwa ya moto kwa sababu huganda haraka, na wauzaji wengine wakamwambia vivyo hivyo. Wafanyabiashara wa pwani, kwa maneno mengine, walikuwa wakitumia kila siku jambo ambalo darasani lilihukumiwa bila kupimwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alirudia swali wakati wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa, na safari hii mwalimu alimwambia kuwa hiyo ni fizikia yake binafsi, si ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya utani.

Aliyebadili mambo ni Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alimuuliza mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friza, kwa nini cha moto huganda kwanza? Darasa likacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi akaripoti kuwa maji ya moto yameganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Sijui kauli inayofichua maradhi yetu kuliko hiyo, na haikutoka kwa mjinga. Ilitoka kwa mtu aliyefunzwa vizuri kwamba jibu huja kabla ya jaribio. Majaribio yaliendelea, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Kufikia hapo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka.

Pingamizi la wakati wetu ni kwamba huenda Mpemba alikosea. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ambamo hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, wakaonyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuzaa matokeo ya uongo. Mjadala haujafungwa, na aliye mkweli hapaswi kumfanya Mpemba shujaa kwa kufumba macho. Lakini tazama pingamizi lenyewe limejengwa juu ya nini. Burridge na Linden walipima. Walimu wawili wa Mpemba hawakupima. Kama mwalimu wa Magamba angesema, “Njoo Jumamosi tuweke trei nne, mbili za moto na mbili za baridi,” na matokeo yakamkanusha Mpemba, kijana angejifunza fizikia nyingi kuliko aliyojifunza kwa kuambiwa anyamaze: mahali pa kuweka kipimajoto, barafu ya ukutani mwa friza, mvuke uliopotea. Thamani ya swali lake haikutegemea kuwa na jibu aliloliona.

Ndipo tunafika kwenye simu na kompyuta. Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ulituletea njia ya kuona majaribio ya dunia nzima. Mwalimu wa Bagamoyo anaweza leo kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au michezo ya kuigiza majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa 2002, ambayo baadhi yake imetafsiriwa kwa Kiswahili, au miongozo ya Shika na Mikono, iliyoandaliwa hapa nchini kwa ajili ya majaribio ya chupa za maji, mabomba ya sindano na betri zilizotumika. Utajiri huu ni wa kweli. Hatari yake ni kuwa video nzuri hurudia kosa la zamani kwa rangi za kupendeza. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walipima wanafunzi walioonyeshwa majaribio darasani, na wakakuta kwamba waliotazama tu hawakuelewa sana kuliko wasioonyeshwa kabisa. Walioelewa zaidi ni waliotakiwa kubashiri matokeo kabla ya kuona. Kama hiyo ni kweli Harvard, kwenye vifaa vya kila aina, basi kuongeza vifaa peke yake, vya kioo au vya mtandaoni, hakutatuokoa.

Mwalimu atajibu kuwa kipindi ni dakika 40, darasa limejaa, na mtihani wa taifa hauulizi mwanafunzi alibashiri nini. Malalamiko hayo ni halali, lakini kubashiri hakuhitaji hata shilingi moja, na huchukua dakika mbili. Kuelea na kuzama hufundishwa kidato cha kwanza. Video ya jambo hilo inaweza kusimamishwa sekunde moja kabla ya kitu kutupwa majini, mikono ikanyooshwa, hesabu ya wanaosema “kitaelea” na “kitazama” ikaandikwa ubaoni, ndipo ikaendelea. Tena Bagamoyo haina haja ya kuanza na video. Chukua yai bichi la siku hiyo na glasi tatu: ya maji ya kisima, ya maji ya bahari, na ya maji ya bwawa la mwisho la chumvi kule Nunge. Wanafunzi wengi watasema litaelea baharini, kwa kuwa wao wenyewe huelea kwa urahisi humo. Kwa kawaida litazama, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima kwa asilimia mbili au tatu tu na yai bichi huyazidi. Katika maji ya bwawani litapanda na kubaki juu. Hapo ndipo mwalimu anapoweza kudai namba, maana wanafunzi waliokwisha kujifunga na jibu lililokataliwa na yai watataka wenyewe kujua uzito wa yai, ujazo wake, na kiasi cha chumvi kinachotakiwa kuongezwa kwenye glasi ya pili ili lianze kupanda.